Tulipoliburuta Boti Mchangani

Dagaa hawamsubiri mtu. Ukiwaanika asubuhi, unawageuza jua linapokuwa kali na kuwakusanya jioni. Ukiwafunga wabichi wanaoza njiani. Ndiyo iliyokuwa kazi yetu miaka tuliyovuka ziwa kutoka Kirando kwenda upande wa Kongo: mimi, mume wangu Festo na mama yake. Asubuhi ya siku ile ya mkasa, tukiwa huko Kongo, nilikuwa nageuza dagaa, Festo akibishana na wavuvi habari za mpira, mama mkwe akimcheka.

Kabla ya saa nne tukasikia waasi wako kijiji cha jirani. Tukaacha dagaa, tukaanza kupanda boti. Hapo ndipo alipotokea mkubwa wa eneo lile, shati limenyooshwa, kipaza sauti mkononi.

"Shukeni! Mnatia watu hofu bure. Vuteni boti mchangani, mwendelee na dagaa wenu. Mimi nipo. Usalama wenu uko mikononi mwangu."

Festo alishuka wa kwanza. Aliheshimu wakubwa kupita kiasi, na mpaka leo jambo hilo linaniudhi.

"Festo mwanangu, tumwombe Mungu tuondoke," mama yake alisema.

"Mama, viongozi si wamewekwa na Mungu?"

"Na miguu umepewa na nani?"

Watu wakacheka. Kisha, nasema kwa aibu, tukaliburuta boti, wanaume kwa wanawake, mpaka mahali pakavu, ili mkubwa aone tumemwamini. Lilikuwa zito kweli. Nami nilivuta.

Saa saba mchana mkubwa yule akapita ziwani na boti lake la injini, mkewe na magodoro ndani. Hakututazama. Wapo waliompungia mkono.

Muda mfupi baadaye risasi zikalia nyuma ya nyumba.

Tukakimbilia boti. Halikusogea.

Festo akanipandisha mimi na mama yake, akarudi nyuma kusukuma na wenzake.

"Sukumeni!"

Likagusa maji. Wenzake wakarukia ndani. Yeye alipiga magoti majini, kisha akalala kifudifudi.

Hatukurudi kumchukua.

Leo naishi Sumbawanga na mama mkwe. Kuna wanaoniuliza kwenye jumuiya ya kanisa, Mungu alikuwa wapi siku ile? Kwa nini hawamuulizi mwenye kipaza sauti alikuwa wapi? Mungu hakuniambia asubuhi ile kwamba hakuna atakayekufa. Aliyeniambia ni mtu aliyekwisha kujua atakimbilia wapi. Nimemlilia Mungu kwa hasira, nimemtolea maneno ambayo nisingethubutu kumwambia hata mwenyekiti wa mtaa, naye hajanifukuza. Huyo ndiye ninayemwamini. Wakubwa nawaamkia shikamoo, wanapata heshima yao. Lakini akisimama mtu jukwaani kutuambia amani anayo yeye, damu inanichemka. Amani ameitoa wapi? Ameiumba lini?

Mama mkwe hasemi hayo. Yeye anasali tu, na jina la mwanawe halitaji.

Kila Novemba padri huja kubariki makaburi. Watu wanapalilia, wanapanda maua, wanaitana kuonyeshana nani kalala wapi. Sisi wawili tunakwenda na jembe kama wengine. Tunawasaidia majirani kupalilia makaburi ya watu wao, halafu tunarudi nyumbani.