Bolti ya Sita

Harufu ya mawese yaliyochanganywa na mafuta ya taa, yakiungua taratibu juu ya chuma cha moto, hunirudisha uani kwetu Tabora popote ninapokutana nayo. Si harufu nzuri. Inakaba koo, inang'ang'ania nguo, na mama alilazimika kuanika kanga zake kwa jirani ili zisiipate. Mwaka ule wa kuhamia vijijini, nikiwa na umri wa miaka tisa, ua wetu ulinuka hivyo tangu kiangazi hadi mvua zilipoanza, kwa sababu katikati yake palikuwa na mashua. Mashua, Tabora! Mji wetu una reli na vumbi, lakini hauna maji ya kutosha kuelea bata. Jirani yetu muuza kahawa hakupita hata siku moja bila kupaza sauti: "Baba Zuhura, gharika lini, tuje na mbuzi wetu?" Baba alimjibu bila kuinua kichwa: "Mbuzi wako nafasi wanayo. Wewe ndiye sina hakika."

Mashua hiyo ilikuwa mali ya kijiji cha ujamaa kilichoanzishwa ng'ambo ya mto Ugalla. Mto ukifurika, watu wa huko walikatika kabisa na upande wetu wenye zahanati. Wakapewa mashua kuukuu iliyokuwa imefanya kazi pwani miaka mingi. Injini yake ilikaa ndani, na nyuma kulikuwa na mguu wa chuma ulioshuka majini kubeba pangaboi la kuisukuma mashua. Ndani ya mguu huo kulikuwa na gia zilizovunjika, na ili kuzifikia ilibidi uchomolewe. Ulishikwa na bolti sita, na zote sita zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari hata usingeweza kuona mwisho wa bolti na mwanzo wa mguu. Mafundi wawili walikwishashindwa. Ndipo lori likaileta kwa baba, ambaye alijifunza kazi katika karakana ya reli na alisifika mjini kwa jambo moja: hajawahi kuvunja bolti.

Ndani ya lori hilo alikuja pia mama mdogo Tatu, mdogo wake mama, aliyehamishiwa kijiji hicho pamoja na mumewe. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, bado changa, na kicheko kilichomtangulia kila alikoingia. Aliizunguka mashua, akaipiga ubavuni kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani, akamwambia baba, "Shemeji, hii ndiyo teksi yangu ya kwenda kujifungua. Usinicheleweshe." Mama alimsihi abaki kwetu hadi ajifungue. Hakukubali. Msimu wa kulima ungemkuta bado hajajifungua, na anayeondoka kijijini wakati wa kulima aliitwa mkwepaji mbele ya mkutano. Baba akamwambia, "Nenda shemeji. Kabla ya mvua kubwa mashua itakuwa majini." Nilikuwepo. Niliisikia ahadi hiyo.

Kazi ya baba ilikuwa ya polepole mno. Aliizungushia bolti makaa ya moto, akaimiminia mawese na mafuta ya taa, ikatoa moshi; kisha akaigonga kwa nyundo ndogo huku ameinamisha sikio, akaiacha. Kesho yake alirudia, hadi siku saba zitimie. Akishika spana, kwanza aliikaza kidogo badala ya kuilegeza. Nilimuuliza kwa nini anakaza kitu anachotaka kukifungua. "Aliyelala fofofo humvuti mkono," alisema. "Unamgusa kwanza ajue upo." Nilimuuliza pia kwa nini asubiri siku saba, si sita. Alicheka, akaniambia subira huvuta heri. Kwetu methali zilitumika hivyo: zilikuwa kufuli la mdomo wa mtoto. Hata hivyo bolti ya kwanza ilitoka nzima, ikalia kama panya. Ikatoka ya pili. Hadi majani ya porini yalipokauka kabisa na joto kupanda, tano zilikuwa zimepangwa juu ya gunia, safi, kila moja na alama yake ya chaki.

Ya sita ilikataa. Masanja, fundi kijana aliyefanya kazi na baba, aliitazama siku moja akasema, "Mzee, hii nayo imegoma kuhamia kijijini." Baba akageuka kuangalia mlango wa ua kabla ya kumkaripia, maana utani wa namna hiyo ulikuwa na masikio yake. Wiki tatu zikapita. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa magharibi. Masanja akaacha utani. "Tuikate kichwa, mzee. Mguu utoke, kisiki tukitoboe, tuweke bolti nyingine. Siku mbili tu." Baba alitikisa kichwa. "Bolti iliyokatwa ni fundi aliyeshindwa." Katibu wa kijiji alikuja kwa baiskeli, akakaa kwenye kigoda, akaeleza kwamba mto umeanza kupanda kwa mvua za mbali. "Ndugu fundi, sisi si wenye kukufundisha kazi yako," alisema, "ila tumebaki na mtumbwi mmoja." Baba akampa chai. Akamwambia wiki moja zaidi. Mama alikuwa jikoni. Alisikia kila neno na hakutoka. Katika nyumba yetu mke hakuingilia kazi ya mume mbele ya wageni, na wageni walipoondoka hakusema pia.

Mvua ilinyesha siku ya nne ya wiki hiyo. Ilinyesha siku tatu bila kupumzika, tena mapema kuliko watu walivyozoea. Habari zilitufikia kwa mtu aliyeshuka treni asubuhi, amelowa hadi magotini. Mama mdogo Tatu alishikwa na uchungu usiku wa kuamkia jana yake. Walimbeba kwa machela hadi ukingoni, wakakuta maji yametapakaa na mwenye mtumbwi amekataa kuuingiza. Wakamjengea kibanda cha matawi, wakasubiri maji yapungue. Alijifungua hapo hapo, mtoto wa kike, mzima. Damu haikukatika.

Baba na mama walikwenda. Siku ya tano walirudi na mtoto, wakamwita Mwanamvua. Baba hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashua, akaweka spana juu ya bolti ya sita, akaikaza kidogo kama kawaida yake, akaigeuza. Ikafunguka. Haikulia wala kusumbua. Nilimwona akiishika kiganjani, nzima, na mama akiwa mlangoni na mtoto, akiitazama pia. Mashua ilirudi mtoni, ikavusha watu misimu miwili, ikaachwa kwa kukosa vipuri.

Nimesoma hadi chuo kikuu, na huko nimewachosha walimu kwa maswali. Nimeihoji sera ya vijiji, nimezihoji takwimu, nimeihoji hata subira yenyewe: je, baba aliitunza bolti au jina lake? Lakini swali hilo sikuwahi kumuuliza yeye. Mwaka jana, likizoni, Mwanamvua, ambaye sasa yuko sekondari, aliniuliza mama yake alikufaje. Ningeweza kumjibu. Badala yake nikajifanya mtu wa haki, nikamwambia, "Nenda kamuulize baba. Una haki ya kujua."

Alikwenda. Niliwaona kupitia dirisha. Siku hizi baba ni mzee, vijana wake hukata kila bolti inayokaidi kwa moto wa gesi kwa muda wa kunywa maji, naye hawazuii. Nilitegemea atoe methali. Aliweka chini alichoshika, akamtazama mtoto, akasema, "Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Zamani kwetu hatukupewa majibu, nasi tuliamini majibu yangetuponya. Sasa jibu limetolewa. Mwanamvua humwamkia baba kila asubuhi, shikamoo, marahaba mwanangu, na chakula humtengea kama kawaida. Lakini zamani akirudi kutoka shule alimletea daftari lake, na baba, asiyejua kusoma, alilifungua ukurasa baada ya ukurasa akisifu mwandiko. Hamletei tena. Jioni baba hukaa barazani akiangalia njia ya shule, na mimi niliyemtuma mtoto kuuliza sijui nimwambie nini yeyote kati yao.