Gango la Nanyokie

Ukitaka kumuudhi Nanyokie mwaka ule, ungemwambia pole. Alikuwa ameshaambiwa pole na kila mwenye mdomo aliyepita Kakesio, kuanzia mwinjilisti hadi wauza shuka, na hakuna pole hata moja iliyomkamulia ng'ombe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuita ndama waliokwisha kuvuka korongo, na tangu usichana watu walimjua kwa hasira za karibu. Lakini zile za zamani zilikuwa zinawaka na kuzimika. Za mwaka ule zililala naye na kuamka naye, na zote zilitoka kwenye mkono wake wa kulia.

Aliyeuvunja ni Narok, ng'ombe wake mweusi. Kundi lilishtuka langoni asubuhi moja, Narok akarudi nyuma, akambana Nanyokie kwenye nguzo ya boma, na mfupa wa mkono ukavunjika katikati ya bega na kiwiko. Mzee Olais aliitwa. Olais ameunga mifupa ya watu na ya ndama tangu ujana wake, na hata mkono huu aliufanyia haki: akaunyoosha, akaufunga vijiti na kamba za ngozi, akangoja ushike. Siku alipoufungua ulikuwa umenyooka vizuri, na waliokuwepo wakamsifu. Nanyokie akauinua mbele yao. Mkono ulipanda, lakini kiganja hakikupanda nao. Kilining'inia kwenye kifundo kama shati lililosahauliwa kwenye kamba, na vidole vikakataa kufunguka.

"Mfupa umeshika," Olais alisema. "Kilichobaki ni kuuzoesha kazi."

Basi neno hilo likawa msumari. Huku kwao kilichofungwa kimevunjika na kilichofunguliwa kimepona, na hakuna kitu cha tatu. Ndama aliyefunguliwa vijiti hutolewa malishoni siku hiyohiyo. Kwa hiyo mwanamke aliyefunguliwa mkono na bado hakamui, atakuwa na nini zaidi ya uvivu?

Mumewe, Parmuat, ndiye aliyelisema wazi. Nanyokie alikuwa amejaribu. Kukamua kwao ni mkono mmoja ushike kibuyu na mwingine ukamue, na yeye kwa mkono wa kulia hakuweza hata kimoja. Alipokamua kwa kulia, vidole viliteleza kwenye chuchu bila kubana. Alipobadilisha, kibuyu kilimponyoka, maziwa yakamwagika kwenye samadi, na Narok akamaliza kwa teke. Parmuat alikuwa amesimama palepale na fimbo yake mabegani.

"Mfupa umepona," alisema. "Huu sasa ni uvivu."

Ng'ombe anaopewa mke siku anapoingia bomani ndio nyumba yake. Yeye ndiye anayewakamua, yeye ndiye anayegawa maziwa, na mwanaume, hata awe na kundi la kujaza bonde, hagusi kibuyu cha mwanamke. Tena ng'ombe hao ndio urithi wa wana wa nyumba hiyo. Nanyokie alikuwa na mwana mmoja tu, Lesiamon, aliyekuwa mlinzi wa loji huko Karatu. Mkono ulipovunjika, Parmuat aliwahamishia ng'ombe wake kwa mke mdogo, Seenoi, awakamue mpaka mwenzake apone. Hilo Nanyokie hakulipinga. Lakini baada ya kibuyu kumwagika, Parmuat aliita ndugu zake, akakaa nao kivulini pa ukuta, akatamka mbele yao: siku Nanyokie atakapoingia zizini na kuwakamua, watarudi kwake. Masika yakiingia hajawakamua, watabaki kwa Seenoi, wao na ndama wao.

Nanyokie alisikia kila neno kutoka mlangoni kwake. Mtu unamzalia, unamjengea nyumba kwa mikono yako, unaipaka samadi kila mvua ikiibomoa, halafu anakuita mvivu mbele ya wadogo zake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini Parmuat hakuwa na shida ya kujua. Alitaka tu kunguni wawe wa mtu mwingine.

Lesiamon aliporudi kwa likizo na kuuona ule mkono, hakusema pole. Alisema, "Yeyo," yaani mama, "funga virago." Wakapanda gari lililoleta watu wa mnada, wakapita Endulen, wakazunguka ukingo wa kreta kwenye ukungu, na kufika Karatu wamejaa vumbi hadi kwenye kope.

Hospitalini walipelekwa kwa Katarina, Mwiraqw mfupi mwenye miwani, ambaye kazi yake ni kurudisha viungo kwenye kazi. Aliutazama mkono, akaubinyabinya, akauliza ulivunjika lini. Kisha akasema neno ambalo hakupaswa kulisema.

"Mbona umechelewa hivi, mama?"

Nanyokie alimgeukia. Kiswahili chake ni cha mnadani, lakini siku hiyo kilimtii. "Nimechelewa? Gari linakuja siku likitaka. Mwenye gari anataka nauli, mwenye nauli ni mume, na mume anasema nimepona. Sasa wewe unaniuliza mimi? Muulize gari."

Katarina alivuta kiti karibu. "Umenijibu vizuri," alisema. "Nipe huo mkono mzima."

Akaushika mkono wa kushoto wa Nanyokie na kuuweka juu ya mkono wake mwenyewe, chini kidogo ya kiwiko. "Sikilizia hapa," alisema, akainua kiganja chake. Chini ya vidole vya Nanyokie kitu kilijikusanya na kuwa kigumu. Katarina akashusha kiganja, kikalegea. Akafungua vidole, kikatembea tena.

"Unasikia? Vidole vyenyewe havina nguvu ya kujifungua. Vinavutwa kutoka huku. Misuli ya upande huu wa juu inainua kiganja na kufungua vidole. Ya upande wa chini inakunja. Kano zake zinateremka kama kamba, zinapita kwenye kifundo, zinakwenda kushika vidole."

"Sasa yangu imekatika?"

"Haijakatika. Imekosa amri." Akapitisha kidole kwenye mkono wa Nanyokie, pale mfupa ulipoungwa. "Kuna neva inauzunguka mfupa huu, imelala juu yake kabisa. Ndiyo inayoiamrisha misuli yote ya upande wa juu. Mfupa ulipovunjika, neva ikaumia. Aliyekuunga ameunga mfupa, tena vizuri. Neva haiungwi na vijiti."

"Lakini kukunja naweza. Mbona sibani?"

"Kunja kifundo cha huo mkono mzima, kiganja kiangalie chini hivi. Sasa nibane kidole."

Nanyokie alibana. Mkono wa kushoto, usio na ugonjwa wowote, ulibana kama wa mtoto. Alibana tena kwa nguvu zake zote, na Katarina akachomoa kidole bila taabu.

"Sasa inua kifundo. Nibane."

Akabana, na Katarina akakunja uso. Kiganja kikining'inia, alimweleza, kano za kukunjia hulegea, na kamba iliyolegea haivuti kitu.

Mwingine angefurahi kupata jibu. Nanyokie hasira zilimpanda upya. Miezi yote ile alikuwa ameanza kujishuku, amekaa peke yake akijiuliza kama kweli ni mvivu, kama labda hataki tu. Na kumbe jambo lenyewe mtu anaweza kuonyeshwa kwa kidole kimoja, akiwa amekaa kwenye kiti.

"Itarudi?" aliuliza.

"Mara nyingi inarudi. Si kila mara, sikudanganyi. Inarudi polepole, kutoka juu kushuka. Misuli ya karibu na kiwiko itaamka kwanza, vidole vitakuwa mwisho. Lakini ukiacha kiganja kining'inie, misuli ya chini itajikaza, na neva ikirudi haitakuta mkono, itakuta kucha ya tai."

Akamtengenezea gango la plastiki lililolainishwa kwa maji ya moto, likakumbatia upande wa chini wa mkono kutoka karibu na kiwiko hadi kiganjani, likainua kifundo na kuacha vidole wazi. Akamwonyesha namna ya kunyoosha kila kidole kwa mkono mwingine asubuhi na jioni. Nanyokie alipobana kidole chake safari hii, Katarina alisema, "Taratibu, mama."

Parmuat aliliona gango kabla hajamwona aliyelivaa. "Olais amefungua, wazungu wamefunga," alisema, na ndugu zake wakacheka. Nanyokie alianza kumweleza habari za neva. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Parmuat alimsikiliza akiwa ametazama ng'ombe, kisha akauliza kwa upole wa kuudhi, "Mfupa umepona au haujapona?"

"Umepona."

"Basi."

Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Ziwa Eyasi wakati Seenoi alipojifungua. Kondoo dume alichinjwa, kama ilivyo desturi, na nyama ile ni ya wanawake peke yao, mwanaume hasogei. Walikaa nyumbani kwa mzazi, wamebanana, moshi machoni, na Nanyokie alikuwa mlangoni na gango lake. Alijua wanavyolitazama. Sinyati, mke wa shemeji yake, ndiye aliyeshindwa kujizuia.

"Mama Lesiamon, na sisi tufunge mikono yetu tupumzike," alisema. Wakaangua kicheko.

Nanyokie aliinuka. Wote walidhani anatoka nje, na kweli alitoka, akaenda pale ngozi ilipotandazwa na kurudi na mguu wa mbele wa kondoo, ule wa chini usio na nyama ya maana, na kisu. Akapiga magoti katikati yao.

"Nishikie," alimwambia Sinyati, na Sinyati, kwa jinsi alivyoambiwa, akashika.

Kwa mkono wa kushoto Nanyokie alichana ngozi ya mbele ya mguu. Kano nyeupe ikatokea. Akaivuta kwa kidole, na kwato ikainuka. Hapakuwa na aliyeshangaa. Kila mmoja mle ndani alichezea miguu hiyo utotoni. Akaiachia, akaivuta tena. Kisha akaikata. Akampa Sinyati kipande cha juu. "Vuta."

Sinyati alivuta. Kwato ilibaki imelala.

"Mfupa umevunjika?"

"Haujavunjika."

"Niambie kondoo huyu ni mvivu."

Nanyokie hakuwaambia ya kwamba mkono wake haukukatika kano, bali umekosa amri. Walichohitaji kujua walikuwa wamekiona. Kutoka kitandani, mtoto akiwa kifuani, Seenoi alisema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ulikuwa unaumwa kweli."

Nanyokie alitaka kumrushia ule mguu. Walikuwa wamekaa boma moja, wamechota maji njia moja, na mke mwenzake huyu wa jana alihitaji kondoo ili amwamini.

"Sikuwaomba wale ng'ombe," Seenoi akaongeza. "Nilipewa."

Nanyokie alifuta kisu na kutoka.

Mzazi hakamui. Jioni ile Parmuat alitangaza kwamba kuanzia kesho Sinyati atamkamulia Seenoi ng'ombe wote, na Nanyokie alimsikia kama siku ile, kutoka mlangoni. Kulipopambazuka alikuwa ameshaingia zizini. Alikuwa amelikaza gango mpaka ngozi ikaingia ndani, kibuyu kiko kushoto. Sinyati alikuja na cha kwake, akamwona, akasimama. Akaenda akamfungua ndama wa Narok.

Ndama alinyonya, maziwa yakashuka, Sinyati akamvuta pembeni. Nanyokie aliinama chini ya ng'ombe aliyemvunja. Vidole vilikuwa vizito kufunguka, ikabidi avisukume na chuchu yenyewe ili vipate nafasi. Lakini vilipokunja, vilibana. Maziwa yalipiga ukuta wa kibuyu. Alikamua huku machozi yanamtoka, na si ya furaha, msidanganyike. Alikuwa anamtukana Parmuat kwa Kimaasai chote alichokijua, kimoyomoyo, kwa mpangilio wa chuchu. Narok alisimama kimya. Wa pili alimmaliza na mkono unawaka moto hadi begani. Wa mwisho alimkamua amepiga magoti.

Aliponyoosha mgongo, Parmuat alikuwa langoni, na ndugu zake nyuma yake.

"Fungua hilo dude tuone mkono," alisema.

"Hukusema mkono uwe wazi. Ulisema niwakamue, na ndugu zako hawa walikuwepo."

"Nilisema ukipona."

Mmoja wa ndugu zake alikohoa. Aliyakumbuka maneno kama yalivyotamkwa, na wengine pia. Parmuat alimtazama, kisha akatazama chini.

Wakati huo binti aliyekuwa akimhudumia mzazi alitoka nyumbani kwa Seenoi na kibuyu kitupu. Alimpita Parmuat, akampita Sinyati, akasimama mbele ya Nanyokie na kukinyoosha kwa mikono miwili.

"Yeyo, Seenoi anaomba maziwa."

Anaomba. Wote walisikia ni nani anayeombwa. Nanyokie alikipokea, akakichungulia ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana hasira yake kwa Seenoi ilikuwa bado ipo na hakuwa na sababu ya kuificha. Kisha akamimina mpaka kibuyu kikajaa. Akampa Sinyati sehemu ya watoto wake. Akamwita mama mkwe mzee kutoka nyumba ya mwisho, naye akapata. Kibuyu chenye yaliyobaki alikifunika kifuniko, akakiingiza ndani, akakitundika mahali pake, na kukaa mlangoni kunyoosha vidole kimoja kimoja kama Katarina alivyomfundisha.

Parmuat alisimama langoni akingoja kuitwa. Ng'ombe walikuwa wake, boma lilikuwa lake, na kibuyu kilikuwa hatua chache kutoka alipo, lakini mwanaume hagusi kibuyu. Asubuhi ile, mbele ya ndugu zake, alikunywa chai ya rangi.