Mkono Uliokomaa wa Mahadhi

Mahadhi bin Aboud, mzaliwa wa Takaungu, aliwadharau watu wengi, lakini hakumdharau yeyote kama mtu avaaye glavu. Miaka hiyo ya themanini alifanya kazi Malindi, kwenye karakana iliyoyeyusha chupa kuukuu na kuzigeuza bakuli za kuwauzia watalii. Wenzake wote walivaa glavu za turubai alizozishona Mueni, mama wa Kikamba aliyesimama naye mbele ya tanuri. Mahadhi alizitazama kama nepi za mtoto wa watu.

"Soksi za mikono," alisema. "Mkono wangu mimi umekomaa. Moto wanijua."

"Moto haujui mtu, Bwana Mahadhi," Mueni alimjibu, akaendelea na kazi yake.

Asubuhi moja koleo lilitolewa tanurini likawekwa mezani. Wekundu ukaisha, chuma kikarudi weusi wake wa kila siku.

"Hiyo koleo bado iko na moto," Mueni akamwambia.

Mahadhi akafyonya, akalishika kwa kiganja kizima.

Hakupiga kelele, kiburi kilimziba kinywa. Lakini koleo lilianguka, na ngozi ikabaki chumani. Mueni alimvuta hadi kwenye pipa la maji, akauzamisha ule mkono na kuushikilia humo. Mahadhi mwenyewe alitazama pembeni, uso kaukunja, kana kwamba mkono haukuwa wake.

Nyumbani ndiko alikoaibika zaidi. Mkono wa kulia ulifungwa bendeji, hakuweza kufunga kikoi wala kumega tonge. Mkewe, Mwanasiti, alimlisha wali kwa kijiko, pasi na neno la pole.

"Umekomaa nini huo mkono?" alimuuliza. "Hata muhogo ukikomaa hungoja kutiwa motoni. Haujitii wenyewe."

Majirani walipokuja kumjulia hali, Mahadhi aliwaambia koleo lilikuwa bovu. Mwanasiti akachekea puani.

Alirudi kazini na vidole viwili visivyonyooka. Akaziokota glavu kwa ncha za vidole vilivyosalia, akazigeuzageuza, akasema uzi wenyewe mbovu na mshono umekwenda upande. Kisha akazivaa. Mueni hakumshughulikia, alikuwa na bakuli motoni, na bakuli ile ilikuwa na maana kuliko yeye.