Mkaguzi wa Maghala na Duka la Kibokoni

Rukiya hakuwa na rafiki katika maghala ya Mombasa, wala hakumtafuta. Kazi yake ilikuwa kuingia stoo za watu na kuwaambia ni kemikali gani humo ingewalipua. Kule Ganjoni alimfungia Katana ghala kwa sababu ya dawa zisizopatana zilizorundikwa pamoja. Katana akamlaani hadi barabarani, vibarua wakarudi makwao mikono mitupu, naye akapanda tuktuk akaenda zake. Huruma, alisema, haizimi moto.

Binamu yake Hadi alipoomba akaguliwe duka, alidhani udugu utamfaa. Masikini! Duka lake la rangi na thina ya kuzimulia rangi lilikuwa chini ya nyumba ya jamaa yao Kibokoni, nyumba ambamo Rukiya alilelewa na shangazi yake Bi Alawiya, mamake Hadi, alipofiwa na mama angali mchanga. Rukiya hakumwonea haya. Alimkaripia mbele ya wateja kwa madebe yaliyoachwa wazi, akamwamuru ateremshe yote kutoka rafu za juu, akamweleza kwamba mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni na kungoja cheche.

"Sasa hapa pana moto gani?" akauliza. "Sigara? Jiko? Fundi wa kuchomelea?"

"Wallahi hapana, dada. Hapa havuti mtu, na jiko liko juu kwa mama."

Akamwamini, akampitisha.

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, Rukiya alikuwa kwake Tudor akifukiza buibui lake. Alitia makaa kwenye chetezo, akaweka kipande cha udi, akapuliza. Makaa yakawa mekundu. Akabaki amechutama. Kila Ijumaa, kabla ya duka kufunguliwa, Bi Alawiya hushuka na chetezo chake kulifukiza duka la mwanawe, pembe kwa pembe, chini kabisa, ili riziki iingie. Na usiku madirisha hufungwa kwa kuogopa wezi. Hadi hakusema uongo. Hakuna mtu Kibokoni aliyewahi kuuita udi moto.

Akampigia Hadi; simu haikushikwa. Akampigia shangazi.

"Shangazi, usishuke dukani!"

"Salamu kwanza, mwanangu. Ndiyo kusoma huko, kuingia kwa watu bila hodi?"

"Shikamoo, shangazi. Huo udi..."

"Marahaba. Watoto hawajambo? Na bwanako?"

"Hawajambo. Nakuomba, shangazi, rudi juu!"

"Nirudi na n'shafika mlangoni? Wacha nifukize, kisha utanieleza. Sikukulea na pupa hii, Rukiya."

Kufuli ikalia. Rukiya akamwita kwa jina lake tupu, Alawiya, kwa ukali, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu maishani mwake. Upande wa pili kikongwe alianza kumgombeza kwa utovu wa adabu, na hakumaliza. Kikasikika kishindo, simu ikakatika.

Debe moja lilikuwa limepasuka mshono usiku wa kuamkia Ijumaa ile, katika yale yaliyoteremshwa sakafuni. Hayo Rukiya aliyajua mwenyewe, alipolikagua duka kwa mara ya pili, akikanyaga vigae na majivu, maana ndiyo kazi yake na hapakuwa na mwingine wa kuifanya.

Matangani hakuna aliyemtukana. Wanawake walimpisha njia, wakamwekea kahawa, wakasogeza mikeka yao mbali naye. Angeshukuru kama mmoja wao angemtemea mate.

Siku ya kuondoa tanga, Hadi alisimama mlangoni pa ukumbi wa wanawake, macho yamemvimba, akamwita nje.

"Nataka kukuuliza neno moja, dada. Siku ile ulipokuja, duka zima lilikuwa lanukia udi. Hukuunusa?"

"Niliunusa," Rukiya akasema. "Nikaona niko nyumbani."