Pilau ya Katy Ilivyoninyima Uhakiki

Kitabu changu cha kwanza, kuhusu miji niliyoishi na kuhama kabla sijaizoea, kilikaa miezi mitatu bila mtu yeyote kukizungumzia hadharani. Nikaambiwa kuna dada mmoja Mtanzania, mfamasia anayeishi mji wa Katy, huku huku Texas, ambaye blogu yake ya vitabu vya Kiswahili inasomwa na watu wetu kila mahali. Akikisifu kitabu, watu wanakinunua. Nikamtaka huyo huyo.

Nilimtumia ujumbe na faili la kitabu. Kesho yake nikamuuliza kama ameuona. Wiki iliyofuata nikamrekodia sauti ya dakika saba, nusu nzima nikimsalimia na kuwaulizia watoto wake, ambao sikujua hata kama anao. Kimya.

Rafiki yangu Mkongo, tunayepakia naye mizigo ghalani Fort Worth, akanishangaa. "Kaka, unaomba mutu kitu kwa simu? Twende kwake. Mugeni hawamufukuze."

Nikaona ana akili. Nyumbani jambo la maana huliendei peke yako, unakwenda na msemaji. Anwani haikutusumbua, maana binamu wa mtu wa kanisani kwetu anaimba kwaya moja na mume wa dada huyo. Jumamosi tukaendesha gari kwa muda wa saa nne, kitabu kilichochapwa kwenye bahasha, mkungu wa ndizi mbichi kiti cha nyuma.

Alifungua mlango mwenyewe. Rafiki yangu akaeleza safari yetu kwa kuanzia mbali, kama mshenga. Dada akamsikiliza mpaka mwisho, akaangua kicheko.

"Kumbe wewe ndiye dakika saba! Karibuni ndani. Lakini kaka, blogu yangu umeisoma?"

"Nimeisikia."

"Hujaisoma." Akanionyesha masharti yake kwenye simu. Mwandishi atume kitabu na maneno machache, asubiri, asifuatilie. La mwisho lilisema haandiki kuhusu kitabu cha mtu aliyekula kwake, maana wasomaji watajuaje kama amesifu kitabu au amesifu mgeni? "Chako nimefika katikati, na ninataka kukiandikia. Kwa hiyo leo usile."

Nikakubali haraka. Tatizo, pilau ilikuwa imeshaiva, na mama yake alikuwa amekuja kuwatembelea kutoka Tanga. Rafiki yangu akanawa, akajipakulia kilima. Mimi hata maji niliyaogopa.

"Huyu mbona hali?" mama akauliza.

"Iko na kazi na mutoto wako," rafiki yangu akajibu, mdomo umejaa.

"Kazi gani inayokataza wali? Mwanangu, umetoka huko kote uje kunitazama ninavyotafuna?"

"Mama, mwache. Akila, simwandikii."

"Basi usimwandikie! Wewe andika, mimi nalisha."

Akaniwekea sahani, akasimama pale pale. Nikamtazama dada aniokoe. Alikuwa ameinama, mabega yakitikisika kwa kicheko. Harufu ya bizari ikanirudisha kwenye jiko la mama yangu, ambalo sijaliona kwa miaka mingi. Nikala. Na kwa kuwa uhakiki ulikuwa umeshakwenda, nikaongeza sahani ya pili.

Baada ya chai, dada akanipa anwani ya barua pepe ya mwanablogu mwingine, wa Dallas, asiyenijua kabisa. "Msome kwanza. Mwandikie mistari mitano. Halafu nyamaza."

Nilimsoma wiki nzima, nikagundua anapenda vitabu vya safari na anachukia utangulizi mrefu. Mistari mitano niliiandika mchana mmoja, nikaituma pamoja na kitabu. Kunyamaza ndiko kulikokaribia kunishinda, hata nikawa nampa rafiki yangu simu anishikie wakati wa mapumziko. Wiki ya sita mwanablogu akaandika: kitabu kina moyo, ila sura mbili za mwisho zinazunguka kama dereva aliyekosa njia ya kutokea. Watu wakaanza kukiulizia.

Nilikuwa na mengi ya kuzitetea sura zile. Nikamjibu ahsante tu. Kwake ni dakika arobaini kutoka kwangu, na sijapiga hodi.