Biskuti Zilikauka, Alumina Ikalowa

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya kiwanda, kule Chang'ombe, Bwana Mkemia alinikabidhi bakuli la punje nyeupe. "Hii ni alumina," alisema. "Usiionje." Sikuwa na njaa kiasi hicho.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Tulipitisha mvuke wa spiriti juu ya alumina ya moto ndani ya bomba, ikatoka etha ya kulaza wagonjwa wa upasuaji. Alumina haiishi, inachochea tu, kwa asidi iliyo juu ya punje zake. Ikiwa dhaifu, spiriti inatoka ilivyoingia. Ikiwa kali mno, unavuna gesi na punje nyeusi kama makaa. Kwa hiyo tuliupima ukali. Unatia punje ndani ya benzini na tone la rangi ya njano. Ikigeuka nyekundu, asidi ipo. Kisha unadondosha dawa ya kupooza asidi, ukihesabu matone mpaka njano irudi. Mie nilihesabu mara mbili. Ukali ukizidi, Issa, mwendesha tanuri wetu, aliziosha punje kwa magadi. Ukipungua, aliziloweka kwenye asidi akazichoma upya.

Sharti lilikuwa moja: punje zisinywe unyevu, maana zikilowa hujifanya pole. Chupa ya kukaushia tulikuwa nayo, yenye mfuniko wa kubana. Bwana Mkemia aliweka humo biskuti zake. Alumina ilikaa dirishani.

Basi kila kipimo kikasoma dhaifu. "Ongeza asidi," Bwana aliamuru, na Issa akaongeza, mara tatu. Kwenye bomba la moto unyevu ukakauka, ukali wote ukajitokeza, mzigo mzima ukaungua. Issa akafukuzwa kwa kuzidisha asidi.

Nikamwendea Bwana. "Tupatane. Biskuti zitoke, alumina iingie, tupime tena. Ukali usipopanda, na mimi niondoke. Ukipanda, Issa arudi."

"Unanifanya muuza samaki?"

"Muuza samaki angeshakubali, Bwana."

Akacheka, akakubali. Tulipopima, matone yalikaribia mara mbili ya yale ya mwanzo.

"Vizuri sana," alisema. "Kuanzia leo alumina ikae humo."

"Na Issa?"

"Nafasi yake imeshajazwa."

Nilimkuta Issa akifunga mzigo wake arudi kwao Kimbiji. "Kumbe nimefukuzwa na biskuti," alisema.

Nilipostaafu waliniandalia chai, hotuba, na sahani ya biskuti. Nikaisukuma pembeni. Walidhani nina kisukari.