Asali ya Baba Mkwe

Nimeombwa niwaeleze nilivyopona, ili mwenye ugonjwa kama wangu apate moyo. Nitaeleza. Ila msitegemee sauti ya upole. Mungu nimemshukuru na ninaendelea kumshukuru, lakini hasira bado ninayo, na leo naitoa hapa hapa.

Mimi nilikuwa mwanamke wa nguvu. Nilichuma chai Lufingo tangu usichana, kikapu mgongoni, mvua ikininyeshea, na ugonjwa wangu mkubwa ulikuwa kuumwa kichwa. Nikaolewa na Ambakisye, mchimbaji wa makaa ya mawe, tukajenga karibu na wazazi wake. Yeye alikuja nyumbani mwisho wa wiki tu.

Mtoto wetu wa pili alipoanza kutembea, ndipo yalipoanza. Mahindi yakitoa mbelewele tu, yale maua ya kileleni, pua inafunguka kama bomba. Napiga chafya mfululizo mpaka mkojo unanitoka. Macho yanavimba. Kaakaa linawasha, nalikuna kwa ulimi huku watoto wananicheka. Mahindi yakikauka, yanaisha. Mwaka wa tatu yakashuka kifuani, nikipanda kilima nasikia filimbi humo ndani.

Daktari wa zahanati alinisikiliza akasema, "Mama, huu ni mzio. Mwili wako haupatani na ule unga wa manjano wa mbelewele." Akanipa vidonge. Vilinisaidia, nisiwe mwongo. Lakini ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu auze atakacho. Msimu uliofuata nilimkuta daktari yupo, mizani ipo, dawa hakuna. "Jaribu maduka ya mjini," akasema, hata machoni hakuniangalia. Na pale Kiwira barabarani kila mwenye chupa alikuwa mganga. Asali mbichi ya mafua, ya pumu, ya presha, ya wasiozaa, na chupa ni ile ile!

Baba mkwe wangu alifuga nyuki. Siku moja alitoka Kiwira na maneno ya wale wauza chupa: anayesumbuliwa na maua ale asali mbichi ya maua hayo hayo, mwili utazoea. Mzee akaona, kwa nini mkamwana wangu ateseke na mizinga ninayo? Akakata sega lenye asali na ule unga wa maua wanaouweka nyuki, akaliponda pamoja na tangawizi na majani ya mkaratusi. Tena, ili dawa iwe kali, akakung'utia mbelewele za mahindi humo humo. Akajaza chungu kizima. Alifanya kwa upendo, hilo silikatai.

Sasa wageni mwelewe jambo moja. Kwetu Wanyakyusa, kwa walioshika mila, mkamwana haonani na baba mkwe. Hamwangalii, hamsemeshi. Akisikia kikohozi chake njiani, anaingia migombani mpaka apite. Miaka saba nilikijua kikohozi cha yule mzee kuliko sura yake. Basi dawa yake ililetwa na mama mkwe.

"Baba amesema kijiko asubuhi, kijiko jioni."

Nililamba. Mdomo ukawasha, koo likawasha, midomo ikawa minene. Nikamwambia, "Mama, mwambie baba hii dawa inaniwasha koo. Naona inanizidishia."

"Inawasha kwa sababu inapigana na ugonjwa," akasema. "Lakini nitamwambia."

Kesho yake jibu likaja: niongeze, viwe vijiko viwili. Nikashangaa. Nikatuma tena neno, nikaambiwa tena nisiache. Nikamweleza mume wangu. Akasema, "Baba amehangaika sana. Usimvunje moyo." Yeye kifua chake kilikuwa kizima, kwa hiyo ilikuwa rahisi kusema.

Siku ile ilikuwa ya soko Tukuyu, mama mkwe amekwenda na wanangu wote wawili. Asubuhi nikameza vijiko viwili kama nilivyoamriwa. Sikumaliza kufagia jiko. Tumbo lote likatoka mabaka mekundu, ulimi ukajaa mdomoni, koo likabana. Hewa inaingia kidogo, haitoki. Nikatapika nikiwa nimepiga magoti.

Nikasikia kikohozi. Mzee alikuwa anakuja uani kuchukua kuni.

Na mimi nilifanya nini? Nilijificha! Ninakufa, nikatambaa nyuma ya mlango wa jiko, nikajifunika khanga kichwani ili baba mkwe asinione. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, tena najiudhi mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote. Heshima gani ile?

Alisikia filimbi ya kifua changu. Akasimama nje, mgongo ameupa mlango. "Nani anakoroma humo?" Sikuweza kujibu. "Ni wewe, mama Lugano?" Kisha nikaona miguu yake ndani ya jiko. Akanifunua ile khanga, akaniangalia usoni, akasema, "Mungu wangu." Mzee yule wa mvi alinibeba mgongoni mpaka barabarani, akasimama katikati ya njia, akalizuia lori la chai kwa mikono miwili.

Hospitali walinichoma sindano ya paja, wakaniwekea hewa puani. Baadaye kidogo koo likafunguka kama ngumi inayoachia. Daktari, mama mmoja mkali, akamgeukia mzee. "Amekula nini?"

"Asali yangu. Niliichanganya na mbelewele."

"Mgonjwa wa mbelewele unamlisha mbelewele?"

"Mke wangu alisema inamsaidia. Kila siku ananiletea salamu, mkamwana anasema ndaga fijo. Ndiyo maana nikaongeza."

Ndaga fijo ni asante sana. Mimi natuma kwamba koo linafunga, kule inafika asante! Mama mkwe aliona si adabu mkamwana kuikataa dawa ya mkwewe, akaniandalia maneno mazuri. Hayo maneno mazuri nusura yaniue.

Nikaitoa ile mipira ya puani. Nikamwangalia baba mkwe na kumsemesha kwa mara ya kwanza. "Sikusema hivyo, baba. Nilisema inaniwasha."

Akakaa chini sakafuni.

Nilipona. Nina dawa yangu ya kuvuta na vidonge, navianza kabla mbelewele hazijatoka. Mkaratusi najifukiza pua ikiziba, wala sina ugomvi nao. Asali mbichi haigusi mdomo wangu. Namshukuru Mungu, yule daktari mkali, na dereva wa lori. Mama mkwe nimemsamehe, ingawa kuna siku inabidi nimsamehe upya. Nyinyi mnaopewa dawa za nyumbani, semeni wenyewe, kwa midomo yenu, zinavyowafanya. Dawa ikiwabana koo iacheni, hata kama ameitengeneza askofu.

Tulipotoka hospitali wazee fulani walitaka baba mkwe aulizwe kwa nini alimshika mkamwana wake. Aliwajibu waende wakaniulize mimi. Hakuna aliyekuja. Jioni moja alinikuta uani, nikainuka nikimbilie migombani kwa mazoea. Akasema, "Kaa." Nikakaa.

"Ungeniambia," akasema.

"Na wewe ungeniuliza, baba."

Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. "Haya," akasema. "Kifua kinaendeleaje?"